Mama Nadi na Mwanaume Aliyebaki

Mama zetu na papa zetu, vijana mnaotusikiliza Kavumu, Miti, Katana, Lwiro na kule mjini Bukavu, mazungumzo yetu ya leo ni ya tiatri. Najua wako watakaosema: tiatri, na bei ya unga ilivyopanda? Nivumilieni. Mchezo nitakaousimulia unachezwa ndani ya nganda, katika mji mdogo wa machimbo huku mashariki mwa Kongo, na mwenye nganda ni mama wa miaka arobaini na kitu. Mtamtambua upesi.

Mchezo unaitwa Ruined. Aliyeuandika ni Lynn Nottage, Mmarekani mweusi wa Brooklyn, New York. Mwaka 2004, ule ambao Bukavu inaukumbuka kwa makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi kuuingia mji mwezi wa sita, Nottage alikwenda Uganda pamoja na mwongozaji wake Kate Whoriskey kuwasikiliza wanawake wakimbizi waliotoka upande huu. Alipoondoka Marekani alikuwa na mpango wa kuuhamishia Kongo mchezo wa Mjerumani Bertolt Brecht, Mother Courage, wa mama anayevuta mkokoteni wa biashara nyuma ya majeshi, huku vita vikimla watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine. Alipokwisha kuwasikia wakimbizi, aliona vazi la Brecht haliwatoshi. Akashona jingine. Mchezo ulionyeshwa kwanza Chicago, katika ukumbi wa Goodman, mwishoni mwa 2008, ukaingia New York mwaka uliofuata, na mwaka huohuo wa 2009 ukapewa tuzo ya Pulitzer.

Sasa, huyo mama anaitwa Mama Nadi. Nganda yake iko katika msitu wa Ituri. Anauza bia, na anauza wasichana, tusimpake asali. Askari wa serikali wanakunywa kwake, waasi wanakunywa kwake, wachimba koltani wanakunywa kwake, na Mlebanoni mmoja mnunuzi wa almasi hakosekani. Sheria ya nyumba ni moja: risasi zinabaki kaunta. Siasa hana. Kamanda wa upande huu akiingia, mama ni wa upande huu. Akitoka, akaingia wa upande wa pili, mama amekwisha kuhama kabla kiti hakijapoa.

Huo ni uongo wake wa kwanza, na hapa Kavumu hatuhitaji profesa wa kutueleza. Mama yeyote aliyeuza ndizi au kasiksi kando ya hii barabara tangu 1996 anajua jinsi ya kumjibu mtu mwenye bunduki: unatazama vazi lake kwanza, ndipo unakumbuka wewe ni wa nani. Uongo wa namna hiyo umelisha watoto wengi. Sitaupigia kelele.

Uongo wake wa pili ndio ulionileta hapa leo.

Kuna mwanaume anaitwa Christian. Ni mfanyabiashara wa kutembeza mali, mcheshi, mtu wa mashairi, ameacha pombe na anaagiza Fanta baridi. Kila akija analeta kitu: rangi ya mdomo, chokoleti, habari za wapi barabara imefungwa. Anampenda Mama Nadi, na hafichi. Mama Nadi rangi ya mdomo anaipokea. Ombi la ndoa analigeuza mzaha. Mapenzi, kwake, ni kitu cha watu wasio na kazi, na mwanaume ni mteja au ni mzigo. Ndivyo asemavyo. Lakini ukimtazama anavyomtania Christian, unaona kabisa kwamba haja anayo, na tena si ndogo. Anamtaka. Sababu ya kumkataa anaificha mpaka karibu na mwisho.

Mwanzoni mwa mchezo Christian anamletea wasichana wawili. Salima ni mke wa mtu. Askari walimteka shambani, wakakaa naye miezi mitano, na aliporudi nyumbani mume wake alimfukuza. Sophie ni mpwa wa Christian, binti wa miaka kumi na minane, aliyejeruhiwa na wanamgambo kwa namna ambayo mnaijua, maana ndiyo iliyoijaza hospitali ya Panzi tangu ilipofunguliwa mwaka 1999. Mama Nadi hamtaki Sophie. Wa nini kwake msichana asiyeweza kupokea wateja? Christian anamsihi, anamsihi tena, mpaka anakubali. Sophie anawekwa kuimba na kushika hesabu za nganda. Mtazamaji anamwona Mama Nadi kuwa na moyo mkavu. Kwa nini anamkimbia hivyo binti aliyeumia? Shikilieni swali hilo, nitalirudia.

Kwanza niwapeleke mbali kidogo, maana Mama Nadi ana dada yake mkubwa katika tiatri ya Marekani. Anaitwa Blanche DuBois. Mchezo wake ni A Streetcar Named Desire, yaani tramu yenye jina la Tamaa, wa Tennessee Williams. Ulifunguliwa New York mwezi wa kumi na mbili, 1947, na hata leo wanafunzi wa tiatri duniani wanausoma. Blanche alikuwa mwalimu wa shule. Kijana aliyemwoa alijiua. Shamba kubwa la ukoo lilikwenda na madeni. Akaanza kutafuta faraja kwa wanaume wa kupita, hata kwa mwanafunzi wa miaka kumi na saba, na hapo kazi ikaota mbawa. Anakuja New Orleans kwa mdogo wake Stella, aliyeolewa na Stanley Kowalski. Anakuja na sanduku la nguo za fahari za zamani, na uongo mwingi.

Anaogopa mwanga. Balbu ya chumba anaifunika kwa taa ya karatasi. Mwanaume anayemchumbia, Mitch, anakutana naye jioni tu, mahali penye giza, asije akayaona makunyanzi. Na mnajua ana miaka mingapi? Kama thelathini. Thelathini tu! Lakini katika soko alimopangwa yeye, thelathini ni nyanya ya juzi. Anataka kuolewa, apumzike. Anaficha umri, anaficha kiu yake ya pombe, anaficha wanaume waliopita.

Stanley anachimbua yote na kumpelekea Mitch. Mitch anakuja, anaing'oa ile karatasi, anawasha taa na kumtazama usoni. Blanche hakani tena. Anasimulia. Na Mitch, aliyekuwa mpole siku zote, anamtaka mwili hapohapo, kama mtu anayedai chenji yake. Blanche anamwambia: basi nioe. Mitch anamjibu kwamba si safi kiasi cha kuingizwa katika nyumba anayoishi mama yake.

Ngojeni, msikimbie jibu hilo. Mwanaume ameona mwanamke huyu si safi kwa ndoa, lakini kwa usiku ule anamfaa. Usafi gani huo?

Baadaye Stanley anambaka Blanche, usiku ambao Stella yuko hospitali akijifungua. Blanche anamweleza mdogo wake. Stella anachagua kutokuamini, kwa sababu akiamini, hataweza kuendelea kuishi na mume wake. Mwisho daktari anakuja kumchukua Blanche kwenda kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Aliyesema uongo mwingi aliaminiwa muda mrefu. Siku aliposema kweli, ndiyo siku alipohesabiwa mwendawazimu.

Watu wengi wakiutazama mchezo ule wanasema: tazama, uongo ulimwangusha. Mimi nasema angalieni mpangilio wa mambo. Blanche alidanganya kwa sababu aliogopa kwamba ukweli ukijulikana atatupwa. Ukweli ukajulikana. Akatupwa. Basi woga wake ulikuwa na hesabu sahihi, na sisi tunamhukumu kwa kuijua hesabu ambayo wenzake waliipanga.

Sasa turudi Ituri.

Vita vinasogea. Kamanda Osembenga wa serikali anamlazimisha Christian kunywa, na ile Fanta ya miaka inakwisha palepale. Salima ana mimba ya waliomteka. Fortune, mume wake, amejuta. Amekuja, anasimama nje ya nganda na sufuria mkononi, mvua inanyesha, hataki kuondoka. Salima hatoki. Anajua mume anamtafuta mke wa zamani, na mke wa zamani hayupo. Mwisho wake ni kifo, katikati ya nganda, mbele ya wote.

Na Mama Nadi? Alikuwa na jiwe la almasi alilolificha muda wote, akiba yake ya kununua kesho. Analitoa kwa yule Mlebanoni, ampeleke Sophie kwa daktari, apasuliwe, apone. Lakini gari la msaada analoondokea Mlebanoni haliwezi kungoja. Mlebanoni anapanda na jiwe. Sophie anabaki. Kwa hiyo mama mwenye moyo mkavu alikuwa akitudanganya hata hapo: ile roho ya biashara ilikuwa ganda.

Kisha Christian anarudi. Anaomba tena. Mama Nadi anakataa tena, kwa maneno yaleyale ya mzaha, ila safari hii hayana nguvu. Christian anakasirika, anakaribia kuondoka. Ndipo Mama Nadi anasema. Anasema kwamba na yeye alifanyiwa lile alilofanyiwa Sophie, na mwili wake uliharibiwa vilevile. Basi mnaona kwa nini alimkimbia yule binti siku ya kwanza. Alijiona.

Ni jukwaa lilelile la Blanche na Mitch. Mwanamke anayezeeka, mwanaume mwenye kumtaka, siri imetoka. Miaka sitini kati ya mchezo na mchezo. Mitch aliwasha taa na kuhesabu uchafu. Christian anasogea. Mama Nadi anamsukuma, anatetemeka, analia. Christian anamshika na hamwachi, na mwishowe wanacheza dansi wawili hao, polepole.

Wako waliosema, hata huko New York, kwamba mwisho huo ni mtamu mno kwa mchezo mchungu namna ile. Kwamba mwandishi alitaka watazamaji warudi nyumbani wakiwa na furaha. Nimeufikiri sana ulalamishi huo, na sikubaliani nao. Angalieni: Nottage ametuwekea wanaume wawili. Fortune alimfukuza mke kwanza, akajuta baadaye, na toba yake ikafika imechelewa, mke amekufa. Christian hakufukuza. Mchezo haudai kwamba mapenzi yanatibu vita. Unasema kitu kidogo kuliko hicho, na kigumu zaidi: baada ya ukweli kusemwa, kuna nafasi fupi, dakika mbili au tatu, ambapo aliyesikia ndiye anayeandika sehemu inayofuata. Aliyesema amekwisha kumaliza kazi yake.

Sasa nije Kavumu.

Nitaanza na jambo ambalo kila mtu hapa analo moyoni, na nitalipita kwa heshima. Tangu 2013 mpaka 2016 watoto wetu wa kike, wadogo kabisa, walichukuliwa usiku kutoka majumbani. Mwaka 2017 korti ya kijeshi ilikuja kukaa hapahapa Kavumu, na tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili iliwahukumu kifungo cha maisha wanaume kumi na mmoja, na mbunge wa jimbo akiwa mmoja wao. Kisa cha watoto hakilingani na kisa cha mama mwenye nganda, wala sitavichanganya. Nataka mkumbuke jambo moja tu la kesi ile: mashahidi walifunikwa mwili mzima, na sauti zao zilibadilishwa na mashine zisitambulike. Hakuna aliyewaita waongo kwa kujificha. Korti yenyewe ilijua kwamba ukweli unahitaji pazia, na ililishona pazia hilo kwa mkono wake.

Sasa niulizeni: kama korti inaelewa hivyo, mbona mtaani hatuelewi? Mwanamke aliyerudi kutoka porini akasema alikuwa kwa shangazi yake Walungu, tunamchunguza mpaka tumkamate. Mjane mwenye miaka arobaini na tano anayesema ana thelathini na nane, tunamcheka sokoni. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na ni kweli, mwenye shida lazima aifunue ili asaidiwe. Lakini methali haikusema avue mbele ya nani. Mzazi anavua mbele ya mkunga. Akivua mbele ya wapita njia, hatazaa upesi zaidi, atachekwa tu.

Naomba niongeze jambo ambalo redio zetu hazilisemi sana. Tumejifunza kumhurumia mwanamke aliyeumizwa na vita. Hilo tumelijifunza, na wengine wametusaidia: daktari Denis Mukwege na wenzake wa Panzi, waliowapasua na kuwatibu maelfu, kazi iliyompatia tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Mgeni mwenye kamera akifika, tunajua la kumwonyesha. Lakini jeraha likishafungwa, mama huyo anarudi nyumbani akiwa na miaka ishirini au thelathini mbele yake. Anataka nini? Nani amewahi kumwuliza? Anataka mtaji, sawa. Anataka shamba, sawa. Je, akitaka kikwembe kipya? Akitaka kupaka midomo, aende kwenye ndoa ya jirani, acheze mpaka usiku? Akitaka mwanaume?

Hapo ndipo nyuso zinakunjamana. Tunataka awe mgonjwa mwema. Huruma yetu ina masharti: utapewa mradi ubaki na huzuni. Akicheka sana, watu wanaanza kusema labda hakuumia vile. Ndiyo maana nampenda Mama Nadi, pamoja na makosa yake yote, na ni mengi, maana anawauza mabinti wa watu. Yeye ni majeruhi asiyekubali kuwa majeruhi tu. Anataka faida, anataka chokoleti, anataka rangi ya mdomo, anamtaka Christian. Nottage alikwenda kutafuta visa vya vita akarudi na mwanamke mwenye hamu, na nadhani alikuwa amewasikia vizuri wale aliowahoji.

Kuna papa mmoja huko najua ananung'unika. Anasema: mtangazaji, wewe unatetea uongo. Mwanaume naye ana haki ya kujua anamwoa nani. Papa, ni kweli. Maradhi yanayoambukiza yasemwe, watoto waliopo wasemwe, ndoa ya kwanza isemwe. Nyumba haisimami juu ya udongo wa siri. Lakini haki ya kujua inakuja na deni lake. Ukidai kuambiwa, uwe umejitayarisha jinsi utakavyosikia. Kama mpango wako ni kusikia kisha kwenda kusimulia nyumba kwa nyumba, au ukoo wako ukae kikao kuulizana habari za ng'ombe mliotoa, basi hujadai ukweli. Umedai silaha.

Na mama zetu, msidhani mmesalimika. Katika mchezo wa Blanche aliyefunga mlango wa mwisho alikuwa mwanamke, dada wa tumbo moja. Stella hakumchukia Blanche. Alikuwa na mtoto mchanga na mume, akahesabu gharama ya kuamini, akaona haiwezi. Wako akina Stella wengi katika familia zetu: mama mkwe anayejua mtoto wake amefanya nini, shangazi aliyeambiwa akasema nyamaza mwanangu, usituletee aibu. Hatuwezi kuwacheka. Lakini tuwaambie kwamba kunyamaza kwao ndiko kunakowafundisha mabinti kudanganya.

Basi nifunge. Wengi wetu hatutakuwa madaktari wa kupasua wala mahakimu wa kuhukumu. Lakini kila mmoja wetu, mwaka huu au ujao, ataambiwa siri na mtu aliyeiweka muda mrefu. Itakuja bila taarifa, wakati sombe linatwangwa, au njiani kutoka kanisani, au kitandani. Siku hiyo usianze na maswali. Usiulize ilikuwaje, walikuwa wangapi, kwa nini hukusema mapema. Mwambie umesikia, mwambie unabaki, na kisha ubaki kweli: kesho yake umsalimie kama ulivyomsalimia jana, na jirani akikuuliza, huna habari. Ukifanya hivyo, utapunguza uongo hapa Kavumu kuliko mahubiri yote ya kukemea waongo yalivyoweza kuupunguza.

Simu zetu ziko wazi baada ya kipande cha muziki. Wanaume mpige kwanza, leo tunataka kuwasikia ninyi.